Je, Wajua? Rangi ya Kucha na Baruti ni Ndugu

Kinachoganda juu ya ukucha rangi ikikauka ni nitroselulosi. Mwaka 1875 Alfred Nobel aliichanganya na nitrogliserini, akapata baruti ya kupasulia miamba. Rangi mbichi na asetoni ya kuiondolea hushika moto upesi: usipake karibu na jiko la mkaa.

Kwa dada wa machimbo ya Rwamgasa au Mwakitolyo anayeshinda akiosha mchanga wa dhahabu, adui wa rangi ni maji. Ukucha hunywa maji ukavimba. Ukikauka hunywea, rangi ikabanduka. Kwa hiyo:

• Usipake punde baada ya kuoga au kufua.
• Futa mafuta kwa asetoni kwanza.
• Paka tabaka mbili nyembamba. Acha ya kwanza ikauke.
• Pitisha brashi hadi ukingoni mwa ncha.
• Kazini, vaa glavu.