Klematisi na Konokono katika Bustani za Puge

Klematisi ni jenasi ya mimea, mingi ikiwa ya kutambaa, ambayo hupanda kwa kuzungusha vikonyo, yaani vijiti viunganishavyo jani na shina, kwenye tegemeo lolote lililo karibu. Spishi zake kadhaa ni za asili Afrika Mashariki, miongoni mwake Clematis brachiata yenye maua meupe, hivyo mkulima wa maua wa Puge, wilayani Nzega, hana sababu ya kuiona kuwa mimea ya ugenini.

Adui mkubwa wa klematisi ni konokono wasio na gamba, ambao hupoteza maji kwa urahisi na kwa hiyo hujificha kiangazi, kisha mvua zinyeshapo, takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, hutoka usiku na kutafuna machipukizi laini yaliyo karibu na ardhi.

Majivu huwazuia yakiwa makavu tu, ndiyo maana hayategemewi masika. Inafaa zaidi kukuza mche chunguni hadi shina likomae kuwa gumu, kuupanda kwa kina zaidi kidogo ili macho yaliyo chini ya udongo yachipue upya shina likiliwa, kumwagilia asubuhi badala ya jioni, kuondoa mawe na mbao wanamojificha, na kuwaokota usiku kwa tochi. Bata nao huwala, ingawa wasiachiwe miche michanga. Mpogoaji avae glavu, kwa kuwa utomvu wa klematisi huwasha ngozi.