Watoto Wetu na Katuni: Lipi la Asili, na Lipi la Kuongezwa?

Wazazi wengi hapa mjini kwetu Tabora hulalamika kwamba watoto wamezama katika katuni, yaani zile picha za kuchorwa zinazokwenda na kusema, hata huzihifadhi kuliko Juzuu Amma. Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini kabla ya kuizima televisheni au kumpokonya mtoto simu, yafaa tukae kitako tusikilize wanabishana nini, kwani katika ubishi wao mna elimu ambayo sisi wenyewe ndio tuliopaswa kuitumia.

(Mas-ala ya kuchora viumbe yana maneno marefu ya mafakihi, na si mahali pake hapa.)

Iko katuni iitwayo Akili and Me, iliyotengenezwa Dar es Salaam na watu wa Ubongo na kuanza kuonyeshwa mwaka 2016. Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne, kwao ni chini ya mlima Kilimanjaro, na kila alalapo huingia katika nchi ya Lala Land akacheza na kujifunza hesabu na herufi pamoja na rafiki zake wanyama. Sababu ya watoto kumpenda si ya kutafutwa mbali. Anasema Kiswahili kama wao, jina lake wanalijua maana yake, hukosea kisha akajaribu tena, wala haongezeki umri: mtoto aliyemwacha mwaka jana humkuta mwaka huu vile vile, akimngoja.

Sasa sikilizeni ubishi niliousikia baina ya wanafunzi wawili wakisubiri adhana ya Alasiri. Mmoja alisema wale wanyama hawapo, ni ndoto tu. Mwenziwe akamjibu, "Mbona akiamka hesabu anazijua? Na Nabii Yusuf naye aliota, ikawa kweli." Yule wa kwanza akafikiri kidogo, kisha akasema, "Yusuf ni Nabii, kisa chake kimo katika Kurani. Akili amechorwa na watu."

Mtoto huyo hakufundishwa na mtu kutenga hivyo. Alikuwa amekwisha kujua kwamba khabari huulizwa kwanza imetoka kwa nani.

Na kwetu sisi wa Tabora jambo hili si geni. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na pamoja na vitambaa, shanga, pembe, na, kwa huzuni, watu waliotiwa utumwani, zilipita hadithi. Kila kambi iliongeza lake. Abu Nuwas wa asili alikuwa mshairi wa Baghdad katika zama za Harun al-Rashid. Abunuwasi wetu ni mjanja anayewashinda wafalme na matajiri, na mara nyingine waweza kudhani ni jirani yako. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ya miguu ilikwisha, lakini tabia ya kuongeza haikukwisha. Baadaye zikaja nyumba za video na watafsiri wake, kama yule mashuhuri wa Dar es Salaam aliyejulikana kwa jina la Lufufu, waliozisema filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzitia mzaha wao wenyewe. Kijana akitoka pale huapa kwamba shujaa alisema neno fulani, kumbe aliyelisema ni mtafsiri.

Kwa Akili au Abunuwasi hakuna madhara. Madhara huanza pale mtu aliyechorwa anapokuwa mtu wa kweli, tena mtu wa dini.

Mwaka 2015 ilitoka Dubai filamu ya katuni ya Sayyidna Bilal, radhi za Mungu ziwe juu yake. Imechorwa vizuri, na vijana wanaipenda. Mle Bilal ni mtoto mwenye ndoto ya kuwa shujaa mkubwa wa vita, naye na dada yake wanatekwa na kupelekwa nchi ya mbali. Niliwauliza wanafunzi wangu khabari za Bilal, na wengi wao wakaanza na kutekwa huko. Lakini riwaya iliyo mashuhuri katika vitabu vya sira ni kwamba alizaliwa Makka katika utumwa, mama yake akiitwa Hamama. Aliteswa na Umayya bin Khalaf juu ya mchanga wa moto, na jiwe kifuani, naye akisema "Ahad, Ahad", hata Abu Bakr akamnunua na kumwacha huru.

Nadhani najua kwa nini watoto wetu waliamini lile la kutekwa upesi hivyo. Njia ya misafara imepita mlangoni mwao. Wamesikia kwa babu zao khabari za watoto waliochukuliwa, na walipomwona Bilal mdogo akiburutwa, waliiona nchi yao. Mapenzi hayo si ya kubezwa. Lakini anayempenda Bilal kwa upanga tu atapungukiwa, maana nguvu yake tunayoijua ni ya yule aliyekuwa amefungwa, hana silaha, akakataa kulibadili neno moja.

Maimamu wa hadithi, kama Bukhari aliyefariki mwaka 256 wa Hijra, hawakuikubali khabari kwa kuwa ni tamu. Waliuliza: umeisikia kwa nani, na yeye aliisikia kwa nani? Kipimo hicho watoto wanacho tayari, maana ndicho wanachokitumia wakibishana juu ya Lala Land. Basi mzazi na aketi naye mbele ya picha hiyo, na kitabu cha sira kando, amuulize kila mara: hili limo kitabuni, au mchoraji ameliongeza? Na lile ulilolisema wewe, umelikuta wapi?

Tulipofanya hivyo madrasani, swali lililowashughulisha zaidi lilikuwa la yule dada. Wengi walikata shauri kwamba ametungwa. Tukatafuta. Vitabu vinamtaja dada wa Bilal, Ghufra, na wengine husema Ghufaira.