MTOTO WAKO MTU MZIMA AKIKAMATWA: MZAZI AFANYE NINI?



Mwezi uliopita mama mmoja wa bloku ya jirani aliletewa habari usiku: kijana wake wa miaka 22 amekamatwa nje ya kambi. Alikuwa ameenda kufanya kibarua cha kulima, hana kibali. Asubuhi mama akauza unga wa posho na vitenge viwili, akampa pesa mtu aliyejidai anawafahamu wakubwa. Mtu huyo hakuonekana tena. Kijana alitoka siku ya pili kwa dhamana, ambayo haikutozwa hata senti. Nyumba ilikaa na njaa hadi mgao uliofuata.

Tunaandika ili jambo hili lisimpate mzazi mwingine.

Kosa lenyewe ni lipi?

Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 inamtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa. Anayetaka kutoka huomba kibali kwa Mkuu wa Makazi. Kutoka bila kibali ni kosa, hata kama mtu alifuata kuni au kibarua. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 nao unasema mkimbizi ana wajibu wa kutii sheria za nchi iliyompokea. Lakini mkataba huo huo unampa haki ya kwenda mahakamani kama mwenyeji.

Wazazi wengi huogopa kwamba familia nzima itarudishwa Kongo. Tulieni. Kosa dogo halimwondolei mtu ukimbizi wake, na kosa la mtoto mtu mzima si kosa la mzazi wala la ndugu zake.

Hatua za kufuata

1. Jua alipo. Waulize walioshuhudia: amechukuliwa na nani, saa ngapi, amepelekwa kituo gani? Kisha mwambie kiongozi wa bloku, na ufike kwenye ofisi ya ulinzi wa wakimbizi au ya msaada wa kisheria siku hiyo hiyo. Usitoke kambini kumfuata bila kibali. Nyumba itakuwa na kesi mbili.

2. Beba karatasi. Chukua nakala ya cheti cha familia na kitambulisho chake kama kipo. Andika jina lake kama lilivyo kwenye usajili.

3. Usidanganye umri. Wapo wanaosema, «Huyo bado mtoto, ana miaka 16,» wakati usajili unaonyesha 22. Uongo huo hugundulika upesi, na baada ya hapo hata maneno ya kweli hayaaminiwi.

4. Maelezo ya polisi. Aliyekamatwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, na ya kuomba kuwasiliana na ndugu au mwanasheria. Asitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa. Kama Kiswahili cha kituoni kinampita, aombe mkalimani.

5. Dhamana ni bure. Kwa kosa dogo, mtu aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au kama haiwezekani apewe dhamana. Mdhamini huweka ahadi kwamba mshitakiwa atarudi siku aliyopangiwa. Mara nyingi huulizwa mtu mwenye kitambulisho na makazi yanayojulikana. Ukikosa mdhamini, waambie watu wa msaada wa kisheria mapema.

6. Mahakamani. Atasomewa shitaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli. Wengine hujibu «kweli» ili waondoke haraka, kumbe wamekubali jambo ambalo hawakulifanya. Ajibu tu baada ya kuelewa. Akitozwa faini, ilipwe kwa njia rasmi na mdai stakabadhi. Asiyeridhika na hukumu anaweza kukata rufaa, lakini siku za rufaa huhesabiwa, msichelewe.

Mzazi asichoweza kufanya

Kijana aliyetimiza miaka 18 hujibu mwenyewe mbele ya sheria. Huwezi kukiri kwa niaba yake, wala kukaa mahabusu mahali pake. Unaweza kumpelekea chakula na nguo, kufika siku ya kesi, na kumkumbusha tarehe. Asiyefika mahakamani huongeza kosa juu ya kosa, na mdhamini wake huingia taabuni.

Akirudi nyumbani

Hapa sisi vijana tunawaomba wazazi wetu. Siku ya kwanza mpeni maji aoge, mpeni chakula, alale. Maneno yawe kesho yake. Majirani watasema, «Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.» Yasikuumize sana. Vijana wengi hutoka kwa sababu posho imeisha kabla ya mgao na wanaona aibu kukaa mikono mitupu mbele ya mama zao.

Lakini msilinyamazie kosa. Muulize alienda kutafuta nini, kisha mtafute pamoja njia isiyompeleka mahabusu: kuomba kibali mapema, mafunzo ya ufundi, au kazi ndogo ndani ya kambi. Na kama pesa aliyoleta siku zote ilikuwa inalisha nyumba, mzazi akiri hivyo. Haifai kula jasho lake leo na kumwita mhalifu kesho.

Yeyote anayekuomba pesa ili «amtoe» mtoto wako, usimpe. Njoo ofisini umweleze mfanyakazi wa ulinzi. Taarifa yako itatunzwa kwa siri, na huduma hii hailipiwi.

Wazee wetu walisema: mtoto akikunyea mkononi, hukati mkono. Unaunawa.