Hasira ya Dereva Hutoka Wapi?

Mtu mpole akishika usukani huweza kugeuka mara moja. Nyumbani hainui sauti, lakini barabarani hutukana hata wazee. Jambo hili liko duniani kote, ila kinachowachoma watu si kimoja.

Huko Ujerumani ziko barabara kuu ambazo sehemu zake hazina kikomo cha mwendo. Dereva wa huko huwaka akimkuta mtu anajikokota katika njia ya kushoto, iliyo ya kupitia wengine. Na ukimwonyesha mwenzako kidole kwenye paji la uso, maana yake huna akili, waweza kutozwa faini. Sisi tungecheka tu! Uhindi, malori mengi yameandikwa nyuma kumwomba anayefuata apige honi. Kwao ni kama kupiga hodi. Honi hiyo hiyo, Japani wengi huiona ni ufidhuli.

Hukohuko Japani, usiku mmoja wa Juni 2017, baba mmoja alimkemea kijana aliyesimamisha motokaa vibaya na kuziba njia penye kituo cha kupumzikia. Kumbe kijana aliweka moyoni. Akawafuata katika barabara kuu ya Tomei, akawapita, akawazibia mbele tena na tena, hata akawasimamisha katikati ya njia ya magari ya mbio. Lori likaja nyuma, likawagonga. Baba na mama wakafa. Binti zao wawili, waliokuwa ndani ya motokaa hiyo, wakabaki yatima. Kijana alihukumiwa kifungo cha miaka 18, na mwaka 2020 nchi ile ikatunga sheria kali juu ya wanaowasumbua wenzao barabarani kwa kusudi. Na chanzo ni neno moja la kukemea!

Mwaka 1968 wataalamu wawili wa Marekani, Doob na Gross, walitangaza jaribio walilofanya California. Waliweka motokaa mbele ya taa. Taa ikawa kijani, nayo isiondoke. Ikiwa kuukuu, madereva wa nyuma walipiga honi upesi. Ikiwa ya kitajiri, wengi walivumilia. Basi hasira ile tunayosema haizuiliki ilijua kumchagua mnyonge.

Mimi nina baiskeli tu. Nilipoyasoma hayo nilijiuliza, jana nilimpigia nani kengele kwa ukali? Mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Lori lilipokuja, nililipisha kimya.