Mkanda wa Video: Kutu Iliyobeba Picha

Katika nyumba nyingi za nchi hii, juu ya kabati au chini ya kitanda, huweza kukutwa visanduku vyeusi vya plastiki vyenye urefu wa milimita 187 na upana wa milimita 103. Hiyo ni mikanda ya video ya aina ya VHS. Vijana wengi huiona kuwa takataka. Lakini wapo watu wazima walioanza kuitafuta na kuikusanya kwa bidii, wengine hata kabla hawajapata deki ya kuichezea. Makala haya yanaeleza kitu kilichomo ndani ya kisanduku hicho, jinsi picha ilivyoingizwa humo, na sababu za kitaalamu zinazomfanya mkusanyaji wa leo asiwe na muda mrefu.

Kampuni ya Sony ya Japani ilianza kuuza mashine za Betamax mwaka 1975. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC, nayo ya Japani, ilitoa VHS. Betamax ilisifiwa kwa ubora wa picha, lakini mkanda wake wa kwanza ulichukua muda wa saa 1 tu, ilhali ule wa VHS ulichukua saa 2. Baadaye ukaja mkanda wa E-180 wa saa 3. Muda huo ulitosha filamu nzima ya Kihindi, jambo ambalo huenda mhandisi wa Tokyo hakulifikiria sana, lakini halikuwa dogo kwa mtazamaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat.

Hapana budi ikumbukwe kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni yake, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kwa mwananchi wa Bara, basi, mkanda ulitangulia antena. Huko Japani na Marekani watu walinunua deki ili warekodi vipindi na kuvitazama kwa wakati wao. Huku hapakuwa na kipindi cha kurekodi, na deki ikageuka kuwa sinema ya mtaa. Ndipo vikazuka vibanda vya video, na ndani yake wakazuka wakalimani waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa mmoja wa mashuhuri wao. Sauti za wakalimani hao ziliingizwa katika mikanda yenyewe, kwa hiyo nakala moja ya filamu ya Hong Kong iliyosimuliwa jijini Dar es Salaam si sawa na nakala ya filamu hiyo hiyo iliyouzwa kwingineko. Mkusanyaji mwenye akili huanza na mikanda ya namna hiyo.

Picha huingiaje katika mkanda?

Mkanda wenyewe ni utepe wa poliesta wenye upana wa milimita 12.7. Juu yake pamepakwa chembe ndogo mno za oksidi ya chuma, yaani jamaa ya kutu, zikishikiliwa na gundi ya plastiki. Kila chembe ni sumaku ndogo. Kichwa cha kurekodia ni sumaku ya umeme, na mkondo wa umeme ukibadilika ndani yake, chembe zinazopita mbele yake hupangwa kufuata mabadiliko hayo. Wakati wa kucheza, kazi hugeuzwa: chembe zinapopita huzalisha mkondo mdogo wa umeme katika kichwa.

Hadi hapo hakuna tofauti na kaseti ya muziki. Tatizo linaanzia kwenye kasi. Sauti inayosikika na binadamu haizidi mitetemo 20,000 kwa sekunde, lakini mawimbi yanayobeba picha katika VHS hufika karibu 4,800,000 kwa sekunde. Mkanda wa VHS katika mfumo wa PAL, uliotumika Tanzania, husafiri kwa sentimita 2.34 tu kwa sekunde. Mwanafunzi akigawanya kasi hiyo kwa idadi ya mawimbi ataona kwamba kila wimbi lingepata nafasi ya chini ya milioni moja ya sentimita, ambayo ni ndogo kuliko chembe yenyewe ya sumaku. Haiwezekani kuandika herufi iliyo ndogo kuliko ncha ya kalamu.

Wahandisi walilitatua tatizo hilo kwa kukizungusha kichwa badala ya kuuharakisha mkanda. Ndani ya deki kuna ngoma ya chuma yenye kipenyo cha milimita 62, iliyoinamishwa kidogo, ikizunguka mara 25 kwa sekunde na kubeba vichwa viwili vinavyokabiliana. Mzingo wa ngoma, yaani 3.14 mara 0.062, ukizidishwa kwa 25, hutoa karibu mita 4.87 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya kichwa juu ya mkanda, na sasa kila wimbi hupata takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, nafasi inayotosha. Kwa kuwa ngoma imeinama, kila kichwa huchora mstari wa mshazari wenye urefu wa karibu sentimita 10 na upana wa sehemu 49 za elfu ya milimita. Kila mstari ni nusu ya picha moja, na picha nzima 25 hupita kila sekunde. Mtazamaji anaposimamisha picha, mkanda husimama lakini ngoma haiachi kuzunguka. Vichwa huendelea kusugua mahali pale pale. Mtu anayependa mkanda wake asiuache ukiwa umesimamishwa hivyo kwa dakika nyingi.

Sauti haikupewa nafasi nzuri kama picha. Katika mkanda wa kawaida imeandikwa kwa kichwa kisichozunguka, kwenye ufito mwembamba wa kama milimita 1 ukingoni mwa juu. Ukingo wa chini una alama za kuiongoza ngoma ijue kila mstari unapoanzia. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwani ndilo lenye uzito katika yanayofuata.

Adui wa mkanda

Na uchukuliwe mfano wa mtu mzima aliyezaliwa Daudi, katika nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, ambaye amegundua mikanda ya video ukubwani na kuanza kuikusanya. Akiuliza kwa ndugu na majirani, filamu zitakuwa ni sehemu tu ya atakayoyapata. Huenda akapewa pia mkanda wa harusi ambamo mzee anaongoza slufay, ile sala ya kimila ya Wairaqw ambayo kiongozi hutamka na watu wakaitikia. Filamu yaelekea ina nakala mahali pengine duniani. Mkanda wa harusi hauna nakala.

Hali ya hewa ya nyanda hizo inausaidia mkanda na kuudhuru kwa wakati mmoja. Baridi ni rafiki, kwa kuwa mabadiliko ya kikemia hupungua kasi. Unyevu wa masika ni adui. Maji yaliyomo hewani huvunja polepole viungo vya kikemia vya gundi, nayo ikalainika na kunata, hata chembe za sumaku zikabanduka na kuganda kwenye vichwa vya deki. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota. Nayo huanzia kwenye kingo, ambako hewa huufikia mkanda kwanza. Kwa maneno mengine, sauti ya mzee imeandikwa mahali panapooza mapema zaidi. Picha inaweza kubaki ikionekana vizuri huku maneno yamekwisha potea.

Kwa hiyo kabla ya kuuingiza mkanda wowote katika deki, uchunguzwe kwanza kupitia kidirisha chake. Unga mweupe ukingoni mwa roli ni dalili ya kuvu, na mkanda huo usichezwe, kwani utaichafua deki, na deki itaiambukiza mikanda mingine. Mkanda uliotoka kwenye chumba chenye baridi uachwe saa kadhaa upate joto la chumba cha deki, la sivyo umande utatua juu ya ngoma na mkanda utajinatisha nayo. Utunzwe ukiwa umesimama wima, umerudishwa hadi mwanzo, mbali na spika zenye sumaku. Mgongoni mwa kisanduku pana kijibonyezo kidogo cha plastiki: kikivunjwa, deki hukataa kurekodi juu ya kilichomo. Si harusi chache zilizofutwa na mpira wa miguu kwa sababu hakuna aliyekivunja.

Deki nayo imekuwa adimu. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuitengeneza, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na Sony iliacha kuuza mikanda ya Betamax Machi mwaka huo huo. Tangu hapo vipuri hutoka katika mashine zilizokufa.

Kuhamishia mkanda katika kompyuta hakuhitaji mitambo mikubwa: deki nzima, waya wenye vichomeo vya njano, vyeupe na vyekundu, na kifaa cha kupokea picha. Kinachogharimu ni muda, kwani mkanda wa saa 3 huhamishwa kwa saa 3, na kwa mfumo wa DV hujaza gigabaiti 13 kwa kila saa. Mkusanyaji wa Daudi mwenye mikanda 100 ya namna hiyo ana saa 300 mbele yake, na vichwa vya deki moja iliyochakaa. Inampasa aanze na mikanda iliyorekodiwa na watu wa nyumbani, na miongoni mwa hiyo, ile ambayo kingo zake bado ni nyeusi na safi.