Kompyuta ya duka haiwaki? Usinunue pawa saplai kwa kuangalia wati tu

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, wa hapa Mbinga na wenzetu wa kule ziwani, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, leo tuongelee kile kiboksi cha chuma kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani. Ndo kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwa vifaa vingine. Kinaitwa pawa saplai. Kikifa, mashine haiwaki, na oda, madeni ya wateja na picha za bidhaa vyote vimefungiwa humo.

Kwanza tulia. Pawa saplai ikifa peke yake haifuti mafaili. Mtu akikwambia ununue kompyuta mpya au upige Windows upya kabla hajapima umeme, mwambie asubiri.

HAKIKISHA NI YENYEWE

Jaribu soketi nyingine na waya mwingine wa umeme. Dell OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo na taa nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapochomekwa. Bonyeza. Taa ikiwaka kijani, pawa saplai ina uhai, anza kutafuta tatizo kwingine. Isipowaka, chomoa umeme, kisha chomoa plagi zote za pawa saplai ndani ya mashine, rudisha umeme, bonyeza tena. Ikiwaka sasa, kuna kifaa kingine kinachoizima. Isipowaka, basi imekufa.

KUCHAGUA MPYA

Hapa ndo hela zinapopotea. Mtu anaona "500W" imeandikwa kwa herufi kubwa, analipa. Wewe fuata mpangilio huu:

1. Umbo. Kompyuta nyingi tunazotumia ni mitumba ya maofisini. Zile nyembamba zina pawa saplai ya umbo lake, ya kawaida haiingii. Pima urefu, upana na kimo kwa rula.

2. Plagi. Ile kubwa inayoingia kwenye mazabodi kwa kawaida ina pini 24. Lakini Dell OptiPlex 9020 ina pini 8, na HP EliteDesk 800 G1 ina pini 6. Ukileta ya pini 24 haichomeki mpaka utafute waya wa kubadilishia. Hesabu pia plagi za hadi diski na ile ya prosesa.

3. Ampea za volti 12. Soma lebo ya pembeni, zidisha 12 kwa ampea zilizoandikwa. Ampea 18 ni wati 216. Kama boksi linasema 500 na hesabu inakupa 216, usilipie 500.

4. Volti za kuingia. Umeme wetu ni volti 230. Nyingine zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Iweke 230 kabla ya kuchomeka. Ukiiacha 115 italipuka hapohapo.

Na wati ngapi? Kama kazi yako ni oda, risiti na picha, mashine ya ofisini isiyo na kadi ya grafiki inatosheka na wati zilezile ilizokuja nazo, mara nyingi 240 hadi 300. Prosesa ya i5-4570 kiwango chake ni wati 84 tu. Ukiongeza kadi kama GTX 1650 kwa ajili ya kudizaini, hesabu wati 75 zaidi na uache nafasi juu yake.

Kabla hujatuma hela, piga picha lebo, plagi na jina la mashine, mtumie muuzaji. Yeye naye akutumie picha ya lebo na plagi za bidhaa yake. Kariakoo iko karibu kilomita 1,000 kutoka huku. Mzigo ukikosewa, nauli ya kuurudisha kwa basi ni yako na siku zinakwenda, kwa hiyo mkubaliane mapema kuhusu kurudisha.

KUFUNGA

1. Zima, chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe.
2. Fungua kava, piga picha kila plagi ilipo.
3. Gusa chuma cha boksi kabla ya kushika chochote. Bonyeza kilimi cha plagi, vuta plagi yenyewe, usivute waya.
4. Fungua skrubu za nyuma, toa ya zamani.
5. Weka mpya, shikiza skrubu zote kwanza ndo ukaze.
6. Rudisha plagi kwa kufuata picha. Ikigoma, geuza, usilazimishe. Ya prosesa ndo husahaulika: feni zinazunguka lakini skrini ni giza.
7. Hakikisha waya hazigusi feni. Washa, ukiridhika funga kava.

Onyo: usifungue pawa saplai yenyewe. Ndani kuna kapasita zinazobaki na umeme mkali hata ukishachomoa.

IDUMU

Kabla ya 2018 huku tulikuwa tunategemea jenereta. Mwaka huo laini ya Makambako hadi Songea ndo ilituunganisha na gridi ya taifa. Hata hivyo umeme wowote unaweza kuyumba, kwa hiyo ukikatika chomoa, ukirudi subiri dakika chache. Stebilaiza au UPS inasaidia. Mnaotumia sola, inveta za bei ya chini ambazo umeme wake si safi zinaweza kuzisumbua baadhi ya pawa saplai za kisasa. Na kila kiangazi toa vumbi kwenye feni.

Leo jioni, mashine ikiwa bado nzima, fanya mambo mawili: piga picha lebo ya pawa saplai uihifadhi kwenye simu, na nakili orodha ya wateja na madeni kwenye flashi. Siku ikigoma, utajua cha kuagiza na biashara haitasimama.