Asparagasi: Shamba la Dunia, Ukoo Mmoja

Ukila asparagasi katika hoteli ya Nairobi, Lima au Berlin, yamkini unakula uzao wa ukoo mmoja. Aina zinazouzwa leo zina majina mengi. Nyingine huvunwa zikiwa kijani, nyingine hufunikwa udongo zibaki nyeupe. Lakini wataalamu walipofuatilia nasaba zake, nyingi ziliishia mahali pamoja: kundi la mimea lililolimwa Uholanzi katika karne ya 18, lililojulikana kama Zambarau ya Kiholanzi. Zao hili ni la kale. Cato wa Roma alikwishaandika namna ya kulilima zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kumbe sehemu kubwa ya jeni zake iliachwa njiani.

Hasara ya jambo hili ilionekana mapema. Mwaka 1896 kutu, ugonjwa unaoletwa na kuvu aitwaye Puccinia asparagi, ulizuka katika mashamba ya mashariki mwa Marekani na kusambaa. Mashina yalikauka kabla ya kurudisha chakula mizizini, na kwa kuwa machipukizi ya mwaka unaofuata hutegemea akiba hiyo ya mizizi, mavuno yakaporomoka. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilimpa kazi J. B. Norton, aliyeanza utafiti wake Concord, Massachusetts, mwaka 1906. Norton alikusanya mimea ya asili mbalimbali, akapata dume moja lililostahimili kutu kuliko mengine, akaliita Washington. Alilipandisha na majike yaliyotokana na mbegu za Kiingereza, likiwemo moja lililoitwa Mary, na ndivyo ilivyopatikana Mary Washington, aina iliyotawala bustani za Marekani kwa miongo mingi. Norton anastahili heshima yake. Hata hivyo, ushindi wake dhidi ya ugonjwa mmoja uliliegemeza zao zima kwenye mabega ya wazazi wachache zaidi. Baadaye Chuo Kikuu cha California kilitoa UC 157, na aina hiyo moja ikaenda kujaza mashamba ya jangwa la pwani ya Peru, mojawapo ya nchi zinazouza asparagasi nyingi zaidi nje.

Ili kuelewa kwa nini wigo huu wa jeni unazidi kubana, anza na mpapai. Mkulima yeyote wa pwani yetu anajua kwamba kuna mpapai dume na mpapai jike, na kwamba dume hukatwa kwa sababu halina faida. Asparagasi nayo ina dume na jike, kila mmoja kwenye mmea wake. Tofauti ni kwamba hapa mkulima analitaka dume.

Ua lake ni dogo, lenye umbo la kengele na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, fupi kuliko ukucha wa kidole gumba. Ukifungua la dume utakuta stameni sita zilizojaa chavua, na katikati yake ovari iliyodumaa. Ukifungua la jike utakuta ovari nono yenye vyumba vitatu, imezungukwa na stameni zilizosinyaa zisizotoa chavua. Jike linapochavushwa huzaa tunda dogo jekundu, na kila tunda ni chakula ambacho hakikushuka mizizini. Mbegu nazo huanguka, huota ovyo kati ya matuta na kugeuka magugu yasiyong'oleka kirahisi. Dume halina gharama hizo. Hutoa machipukizi mengi zaidi, ingawa mara nyingi membamba kidogo kuliko ya jike, na huishi miaka mingi zaidi shambani.

Basi ndoto ya wazalishaji wa mbegu ikawa shamba la madume matupu. Jike lina kromosomu XX, dume XY, na kwa kawaida watoto hugawanyika nusu kwa nusu. Lakini mara chache dume hutoa maua kadhaa ambayo ovari yake inafanya kazi. Watafiti huyatafuta maua hayo, huyachavusha kwa chavua ya mmea uleule, kisha husubiri. Kwa wastani, katika kila watoto wanne wa uzao huo mmoja ni XX, wawili ni XY na mmoja ni YY. Huyu wa mwisho ndiye dume kuu. Kwa macho huwezi kulitofautisha na dume la kawaida. Zamani lilitambulika kwa uzao wake tu. Ukilipandisha na jike, watoto wote huwa madume, bila hata jike mmoja. Siku hizi ipo pia njia ya maabara: mmea hukuzwa kutokana na chavua changa ambayo bado imo ndani ya chavulio. Mmea huo huwa na nusu ya kromosomu, na zikirudufishwa unapata XX au YY iliyo safi kabisa.

Aina kama Gijnlim ya Uholanzi na Jersey Giant ya Marekani ni za madume matupu. Lakini angalia gharama yake. Jike moja teule na dume kuu moja huzidishwa maabara, na kutokana na wawili hao huzalishwa mbegu ya kupanda maelfu ya hekta. Simlaumu mkulima anayenunua mbegu hiyo, maana anapata mavuno mengi na machipukizi yanayolingana. Mzigo uko kwa sisi tunaozalisha mbegu: kila tunapotengeneza chotara bora, tuna wajibu wa kuuliza ni jeni zipi tumeziacha nje.

Mwaka 2017 timu ya kimataifa ilichapisha jenomu ya asparagasi, iliyosomwa kutoka kwa dume kuu. Ina herufi za vinasaba zipatazo bilioni 1.3. Sehemu ya kromosomu Y isiyopatikana kwenye X ni kama herufi milioni moja tu, na ndani yake jeni mbili ndizo zinazoamua jinsia. Ya kwanza, SOFF, huzuia ovari isikue. Ikiharibika, dume huanza kutoa maua yenye jinsia zote mbili. Ya pili, TDF1, huwezesha chavua kukomaa. Ikiharibika peke yake, mmea hauwi dume wala jike. Kwa mtafiti faida ya kuzijua jeni hizi ni ya moja kwa moja: kipande cha chipukizi la kitaluni kinatosha kujua jinsia, badala ya kusubiri mmea uchanue.

Magonjwa hayajasubiri. Kuvu wa Fuzari huozesha mizizi na kubaki udongoni miaka mingi, hivi kwamba shamba la zamani likipandwa upya miche hudhoofika mapema. Katika maeneo ya joto na mvua ya Japani na China, ukungu wa shina unaoletwa na Phomopsis asparagi hukausha mashina, na katika aina zinazolimwa kinga ya kutegemewa haijapatikana. Virusi AV1, vinavyosambazwa na vidukari, navyo vimezoea mashamba ya Ulaya.

Kinga zipo kwa ndugu wa porini. Kwenye fukwe za mchanga za kusini-magharibi mwa Japani huota Asparagus kiusianus, mwenye kromosomu 20 kama asparagasi ya shambani, na pia mwenye dume na jike. Mmea huu umeonyesha ukinzani mkubwa dhidi ya ukungu wa shina, na hupandishwa na ndugu yake wa shambani bila shida kubwa. Mmea huohuo uko hatarini kutoweka katika fukwe zake. Ujerumani, watafiti wa Quedlinburg waliukuta ukinzani dhidi ya AV1 katika ndugu mwingine wa porini, Asparagus amarus, na wakaanza kuuhamishia kwenye asparagasi ya kulimwa.

Si ndugu wote wanaopandishwa kirahisi. Asparagus prostratus wa miamba ya Atlantiki ana kromosomu 40, na Asparagus maritimus wa pwani za Mediterania ana 60. Ukivuka pengo hilo la kromosomu, mbegu nyingi hufa au hutoa mimea tasa. Daraja lilitengenezwa na wakulima wenyewe, bila kukusudia, huko Huétor-Tájar katika mkoa wa Granada, Hispania. Aina yao ya kienyeji, Morado de Huétor, ina kromosomu 40 na inaaminika kuwa chotara wa asparagasi ya bustani na maritimus wa porini. Machipukizi yake ni membamba, yenye rangi ya zambarau na uchungu kidogo, na jina la zao hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Córdoba waliipandisha na aina za kawaida, kizazi baada ya kizazi, hadi kupata mimea ya kromosomu 20 yenye jeni zilizotoka porini. Kazi hiyo haiharakishwi: mche huanza kuvunwa vizuri mwaka wa tatu, na ubora wa aina mpya hujulikana baada ya misimu kadhaa ya mavuno. Anayeanza kutafuta kinga siku ugonjwa unapoingia amechelewa kwa zaidi ya muongo.

Hapa Afrika inaingia, na inaingia kama mwenye nyumba. Jenasi ya Asparagus ina spishi zaidi ya 200, na kusini mwa Afrika ndiko zilikokusanyika kwa wingi na aina nyingi kuliko kwingine. Afrika Mashariki tunao Asparagus africanus, Asparagus falcatus na Asparagus racemosus, ambaye India ni dawa ya kale. Yale majani laini kama manyoya yanayowekwa pamoja na mawaridi kwenye shada la arusi ni Asparagus setaceus, mzaliwa wa misitu ya mashariki na kusini mwa bara hili. Spishi za Kiafrika karibu zote huwa na maua yenye jinsia zote mbili. Utengano wa dume na jike ulitokea baadaye, jenasi ilipoenea Ulaya na Asia. Umbali huo wa ukoo unaeleza kwa nini majaribio ya kuzipandisha na asparagasi ya kulimwa yamekwama, hata kwa Asparagus densiflorus wa kusini mwa Afrika anayestahimili Fuzari vizuri.

Kukwama huko hakuzifanyi kuwa hazina thamani. Jenomu ya setaceus ilichapishwa mwaka 2020, na sasa jeni za kinga zinaweza kulinganishwa herufi kwa herufi bila kusubiri mbegu iote. Kinachohitajika ni mimea hai iliyo na kumbukumbu sahihi.

Nawaomba walimu wa botania, maafisa misitu na wanafunzi wa vyuo vyetu: mkikuta kichakani mmea wenye miiba, majani kama sindano na matunda madogo mekundu, kwa kibali chukueni kielelezo na mbegu zilizoiva. Andikeni mahali, mwinuko, tarehe na aina ya udongo. Benki za mbegu za Arusha na Muguga zipo. Zipelekeeni mbegu hizo kabla kichaka hakijafyekwa.